Tezi ya Mume Wangu

Mume wangu alipoanza kufunga kila Jumatatu na Alhamisi, nilijua ameoa.

Asinicheke mtu. Mwanamume huyu, tangu nimjue, alikuwa akifunga Ramadhani na zile sita za Shawwal, basi. Saumu nyingine za sunna alizisifu zikifungwa na watu wengine. Halafu Jumapili moja jioni, bila Ramadhani wala nadhiri, ananiambia nimwekee chakula cha daku. Nikamtazama. Akasema mtu akifika umri kama wake aanze kujiandaa. Nilijiuliza anajiandaa na nini, na jibu nililolipata lilikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, tena mwembamba.

Dalili zilikuwa nyingi, na mimi nilikuwa nazikusanya kimya kimya. Kwanza alihama kitandani. Alisema chumbani kuna joto, na huo ulikuwa mwezi wa Julai, wakati Nairobi nzima inalala na soksi. Akatandika godoro sebuleni. Ningetuliza akili ningeona kwamba alilitandika karibu na mlango wa choo, mbali na mlango wa nje, lakini mwanamke mwenye wivu haangalii milango. Pili, alianza kuoga mchana na kubadilisha suruali. Tena alizifua mwenyewe. Mtu aliyelelewa pwani katikati ya dada zake, ambaye hajui sabuni ya unga inawekwa wapi, namkuta bafuni amechuchumaa juu ya beseni anafua suruali! Nikamuuliza kulikoni. Akasema alimwagikiwa na chai.

Duka letu liko Umoja, la vitambaa: leso, madera, mitandio, shuka za kitanda. Mimi ndiye ninayepima na kukata. Yeye kazi yake ilikuwa kukaa mbele kwenye benchi na kuvuta wateja kwa maneno matamu, na aliijua kazi hiyo. Sasa alikuwa hakai. Mteja yuko katikati ya kuchagua rangi, yeye anainuka. Akiulizwa anaenda wapi, anasema msikitini. Saa nne asubuhi, msikitini. Hata imamu mwenyewe hakuwa akienda mara nyingi hivyo. Akirudi amenawa uso, na haniangalii.

Majirani walimsifu. Mama mmoja wa duka la viatu aliniambia nimshukuru Mungu kwa mume mcha Mungu hivi, wa kwake hata Ijumaa anasukumwa. Nikamwambia alhamdulillahi. Ndani nilikuwa nachemka. Kisha mwanawe akaniambia jambo lililonimaliza: mzee hasimami tena safu ya kwanza, siku hizi anasali nyuma kabisa, karibu na mlango, na imamu akitoa salamu tu yeye hayupo. Nikasema ahaa. Anawahi kwa mwenzangu.

Siku moja baada ya Alasiri akasema anakwenda Mowlem kumwona mtu wa mapazia. Nilifunga duka, nikavaa nikabu ambayo kwa kawaida siivai, nikamfuata. Nilijua nitakachosema nikifika. Nilikuwa nimekipanga tangu asubuhi, kuanzia salamu hadi matusi. Alitembea polepole, miguu imebanana. Njiani aliingia msikitini, si wakati wa sala, akatoka. Akaenda mbele kidogo, akasimama kwenye kituo cha mafuta, akamnong'oneza kijana wa pampu, naye akamwonyesha nyuma ya jengo. Akakaa huko mpaka nikachoka kusimama. Kisha akaingia hoteli ndogo, akaagiza chai, akaiacha mezani ikitoa moshi, akapita moja kwa moja uani. Alipotoka alilipia chai ambayo hakuigusa, akageuza njia akarudi nyumbani. Mtu wa mapazia hakuwepo, wala mwanamke.

Nilicheka ndani ya nikabu. Nilikuwa nimetoka kumfumania mume wangu, na nilichomfumania nacho ni vyoo. Lakini kabla sijafika kwetu, mtaa wa Tena, kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilimkumbuka mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa akisimama chooni hivyo hivyo na kusema ni baridi tu, mpaka figo zikafa na yeye akafa. Nilianza kutembea haraka. Wivu nilikuwa nimeuzoea. Huu woga ulikuwa mgeni.

Nyumbani nilimuuliza waziwazi, "Umeoa?"

Alifikiria. Nakwambia ukweli, mume wangu alikaa kwenye kochi akapima kama ni bora akubali kuwa ameoa! Hatimaye akasema, "Sijaoa. Ni baridi imeniingia kwenye kibofu. Itatoka."

"Imeingia lini?"

"Si muda."

Nilipombana alisema mengine, kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye zulia. Mkojo hauanzi. Anasimama anasubiri. Ukianza unakatika. Akidhani amemaliza anafunga suruali, unakuja mwingine, na udhu umeharibika, na nguo imeharibika, na anaanza upya. Ndiyo maana alisali mlangoni. Ndiyo maana suruali. Na saumu? Aliona haya zaidi kwenye hilo kuliko mengine yote. Siku ya kufunga hanywi maji, asipokunywa maji haendi chooni sana, na hakuna anayemuuliza kwa nini hanywi. Alikuwa amejificha ndani ya ibada. Watu walikuwa wakimwomba awaombee dua.

Nilimwambia twende hospitali. Akasema baada ya msimu wa Iddi, duka likitulia. Nikasema kesho. Akasema tutaona. Kwa watu wetu, neno hilo maana yake ni hapana, ila limevaa kanzu.

Mwili haukungoja Iddi. Ilikuwa wiki ya mafua, nyumba nzima inapiga chafya, na siku ya Alhamisi alifungua saumu yake kwa uji, maji mengi, na vidonge vya mafua alivyonunua dukani kama peremende. Hakujua, nami sikujua, kwamba vidonge vile vinaweza kuufunga kabisa mkojo ambao tayari unatoka kwa shida. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta uani ameegemea tangi la maji, kanzu nyeupe ya msikitini mwilini, kofia kichwani, na jasho likimdondoka kidevuni. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa limetuna. Nilipoweka mkono alipiga ukelele ambao sikuwa nimewahi kuusikia kutoka kwake.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu jana."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Nilidhani baada ya sala..."

Nilimtukana. Sijutii. Nilimtukana huku nikimfunga viatu, na kamba zilinishinda.

Hospitalini muuguzi mwanamume alipitisha mrija kwenye njia ya mkojo, nyuma ya pazia. Nilisikia mume wangu akilia. Baadaye nilielewa kwamba hakulia kwa maumivu, alilia kwa nafuu. Mfuko ulijaa, ukamwagwa, ukaanza kujaa tena. Nilikuwa nimeolewa na mtu aliyebeba yote hayo tumboni akiuza leso.

Daktari aliyekuja kumwona alikuwa msichana. Nasema msichana kwa sababu alikuwa rika la binti yetu, amefunga nywele nyuma kwa mpira, na alizungumza polepole kama anayemwelekeza mtu njia. Mume wangu alipomwona aliivuta shuka hadi shingoni.

"Mzee, habari yako? Mkojo ulianza kukusumbua lini?"

"Haujanisumbua sana," akasema. Mfuko ulikuwa unaning'inia kando ya kitanda chake, umejaa.

Daktari aliniangalia. "Mama, hebu nisaidie."

Nikamwambia yote. Mume wangu aligeukia ukutani. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya watu watatu kwa njia ya ajabu, daktari anamuuliza yeye, yeye ananiambia mimi, mimi namjibu daktari, na sote tuko kwenye chumba kisichozidi jiko langu. Damu ilipimwa, picha ikapigwa. Siku za kungoja majibu ya saratani sizielezi. Nilipima vitambaa nikakosea, nikamkatia bibi harusi mmoja shela fupi, nikalia mbele ya wateja. Majibu yalipokuja hayakuonyesha saratani. Tezi dume ilikuwa imekua tu, kama inavyowakua wanaume wengi wakizeeka, ikaibana njia ya mkojo. Lakini figo, daktari alisema, zilikuwa zimeanza kuchoka.

"Tutaikwangua hiyo tezi," akasema. "Hatupasui tumbo. Tunapitia njia hiyo hiyo ya mkojo. Utachomwa ganzi ya mgongo, utakuwa macho, hutasikia kitu chini ya kiuno."

"Muulize kama nitavuja," mume wangu akaniambia.

"Wengi huvuja kidogo mwanzoni, kisha huisha," daktari akajibu. "Wachache sana huendelea."

Mimi nilisikia wengi. Yeye alisikia wachache. Daktari akaeleza pia mambo ya chumbani, kwamba nguvu zake kwa kawaida hazitapotea, ila mbegu zinaweza kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje, na hilo halina madhara. Nilikuwa nikiitazama dari. Yeye alikuwa akiutazama ukuta. Daktari akasema, "Mna swali?" na sisi wawili kwa mara ya kwanza siku hiyo tukajibu pamoja, "Hatuna."

Tulirudi nyumbani na mrija ndani yake na mfuko umefungwa pajani, tungoje siku ya upasuaji. Akavaa kikoi na kanzu pana. Hakutoka. Hakwenda dukani, hakwenda msikitini, hata Ijumaa. Binti yetu alipokuja kutoka Makadara alimkuta amekumbatia mto wa kochi mapajani ili mfuko usionekane, akawa anaongea naye habari za barabara na umeme. Binti akaingia jikoni akaniuliza baba ana nini, mbona amekuwa kama mgeni. Nikamwambia. Akaketi juu ya debe la mchele, akalia kwa sauti ndogo ili baba yake asisikie.

Siku ilipokaribia, mume wangu akasema haendi.

Kulikuwa na mtu wa dawa huko Mowlem, kumbe safari hii mtu mwenyewe yupo kweli. Alimletea unga wa kuchanganya na asali. Kulikuwa na mbegu za maboga. Kulikuwa na habasoda, na rafiki yake wa ujana aliyempigia simu kutoka Mombasa akamwambia anamjua mtu aliyefanyiwa upasuaji huo na hakuinuka. Kila asubuhi alikuwa na sababu mpya. Mimi kila asubuhi nilikuwa naukagua mfuko, naangalia rangi, nanusa, maana daktari alituonya kuhusu homa na wadudu. Nilikuwa najua mkojo wa mume wangu kuliko nilivyojua bei za bidhaa zangu. Akichelewa kuamka nilisimama mlangoni kuhakikisha kifua kinapanda na kushuka.

"Nitakufa na figo zangu," akaniambia siku moja, "lakini nitakufa nikiwa msafi."

"Msafi gani, na unatembea na choo mguuni?"

Nilijuta papo hapo. Uso wake ulianguka. Alivuta uzi wa kochi. Kisha akanieleza habari ya mzee mmoja wa Tena aliyefanyiwa upasuaji huo, akarudi msikitini, na haukumkaa sawa. Alikuwa na harufu. Hakuna aliyesema neno, maana watu wana adabu zao, ila wakati wa kupanga safu kila mmoja alijikuta ana sababu ya kusimama mahali pengine. Mzee akawa anasali na nafasi kulia na nafasi kushoto. Mwishowe akawa haji.

"Na mimi nilikuwa nikisogea," mume wangu akasema. "Mimi mwenyewe. Nilikuwa najifanya natafuta mahali penye zulia zuri."

Nilitaka kumwambia yeye si yule mzee, lakini nani alinipa hakikisho? Nilitaka kumwambia sheria ya dini ni nyepesi kwa mgonjwa, anatawadha kila sala na sala yake ni sahihi, lakini hilo alilijua kuliko mimi. Haikuwa sheria iliyomtisha. Ilikuwa zile nafasi mbili, kulia na kushoto. Basi nikasema kitu kilichotoka chenyewe.

"Ulipotia sahihi nipasuliwe wakati wa kumzaa binti yako, uliniuliza?"

"Ulikuwa huna fahamu."

"Na kama ningekuwa na fahamu ningekataa. Nilikuwa naogopa kisu kuliko kitu chochote. Wewe ukatia sahihi, ukaenda kukaa nje na redio yako. Nikatoka na kovu na tumbo ambalo halikurudi mahali pake, na mkojo wangu ulinivuja miezi. Ulikuwa hujui hilo. Nikicheka unatoka, nikikohoa unatoka. Nilikaa nyumbani nikasema nina arobaini ndefu. Hakuna aliyesogea kwa sababu sikumwambia mtu. Sasa mimi naogopa kubaki peke yangu nyumba hii kuliko wewe unavyoogopa kunuka. Kama utanuka, utanuka hapa, nami nitakuwa hapa."

Aliinuka akaenda kumwaga mfuko wake. Asubuhi yake, akinywa chai, aliuliza kadi yake ya hospitali iko wapi.

Siku ya upasuaji binti alikaa nami kwenye benchi la nje. Nilikuwa na tasbihi lakini nilipoteza hesabu kila mara, nikaanza upya, mwishowe nikawa nazungusha shanga tu. Mlango ulikuwa na kioo cha ukungu. Kila kivuli kilichopita nilisimama. Binti alinivuta kanga nikae. Nilikuwa nikiwaza mtu mzima yuko macho pale ndani, amelala chali, wasichana na wavulana wamemzunguka, naye hata daktari mmoja hawezi kumtazama usoni. Nilimwonea huruma mpaka nikawa nakasirika naye upya. Angekuja mapema wangempa vidonge tu, labda. Angesema. Angefungua kinywa chake kile kinachojua kuuza leso!

Daktari alipotoka alikuwa anatabasamu, lakini mimi sikuamini tabasamu. Niliuliza, "Anapumua?" Akasema, "Mama, anaongea. Ameniuliza kama nimeolewa."

Lakini haikuwa imekwisha, na hilo hakuna aliyekuwa ametuambia vya kutosha. Juu ya kitanda walitundika mifuko mikubwa ya maji yanayoingia kwenye kibofu kwa mrija na kutoka kwa mrija huo huo, ili damu isigande ndani. Chini yake mfuko mwingine unapokea. Na maji yale yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kama ukanda wa katikati wa bendera, mimi naambiwa ni kawaida. Nilipata ruhusa ya kukaa kwa muda wa wageni, na muda wote nilikuwa naangalia mrija. Yakipauka natulia. Akikohoa yanakolea, nami nainuka. Mara moja yaliacha kutoka kabisa. Maji ya juu yanaingia, chini hakuna kitu, na mume wangu akaanza kukunja vidole vya miguu na kusema tumbo, tumbo, tumbo. Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Muuguzi alikuja na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, akasukuma maji, akavuta, akasukuma, akavuta, mpaka bonge la damu likatoka na mkondo ukarudi. Muuguzi akaosha mikono yake kama mtu aliyetoka kuzibua sinki. Mimi nilikwenda kwenye korido nikaegemea ukuta.

Rangi ilififia polepole. Nyekundu ikawa waridi, waridi ikawa kama maji ya ukwaju uliozimuliwa sana. Ndipo wakasema mrija utatolewa.

"Sasa iko hivi, mathe," muuguzi kijana akaniambia. Alikuwa wa mitaa yetu, ulimi wake ulimsema. "Mrija tumetoa. Buda wako anakunywa maji mob, mengi sana, anangoja, akijiskia anaenda choo na hii jagi. Akikojoa poa, anaenda zake home. Akikataa, tunarudisha mrija, na hapo sijui itakuwa aje."

"Akikataa inamaanisha nini?"

"Inamaanisha kibofu imechoka. Imevutwa sana hiyo miezi yote. Lakini tusifike huko."

Tulikuwa tumefika huko tayari, mimi nilikuwa nimefika. Kibofu kilichochoka hakuna kisu kinachokiamsha. Mume wangu alikunywa bilauri moja, ya pili, nyingine, akinitazama juu ya ukingo wa bilauri. Mtu aliyejinyima maji miezi yote ile sasa anakunywa kama aliyeambiwa Mungu anatazama. Kisha akashuka kitandani, akachukua jagi la plastiki, akalificha chini ya shuka aliyojitanda, akaingia choo cha wodi. Nilimfuata hadi mlangoni. Mlango ukafungwa.

Nilisubiri. Watu wawili walipita. Nilisubiri.

"Baba watoto?" nikaita.

Kimya. Na kwa kawaida kimya hicho nisingekijali, kwa sababu sisi hatusemi chooni. Ndivyo tulivyolelewa. Ukiingia huko unauacha ulimi mlangoni, na mtu akibisha unakohoa tu ajue kuna mtu. Mume wangu hajawahi kuvunja adabu hiyo, hata siku nyumba ya jirani ilipowaka moto akiwa ndani. Basi nikamwambia, "Kohoa nijue uko mzima." Nikangoja kikohozi. Hakikuja.

Nikabisha. "Kohoa basi!"

Hakuna kitu. Nilianza kuona vitu. Nilimwona ameanguka kati ya ukuta na sinki. Niliona sakafu nyekundu. Niliangalia chini ya mlango, nikaona kivuli cha miguu, hakisogei. Nikapiga mlango kwa viganja viwili, wagonjwa wakainua vichwa, muuguzi kijana akaja mbio akitafuta funguo mfukoni, na mimi nilikuwa nasema maneno ambayo sikumbuki, najua tu yalikuwa ya kumwomba yeye na ya kumwomba Mungu yakiwa yamechanganyika.

"Mwanamke!" sauti ikatoka ndani. Ilikuwa sauti yake, nzito, imebanwa, ya mtu aliyezuia pumzi. "Wacha kupiga mlango. Unatoka."

Muuguzi aliangua kicheko. Mimi niliteleza ukutani mpaka nikakaa sakafuni, na nguo zangu, na mkoba wangu. Sote tukasikiliza. Ulikuwa unatoka kwa haraka, bila kukatika, na uliendelea.

Alichelewa kufungua. Alipofungua alikuwa amelowa jasho, na mbele ya kikoi chake palikuwa na doa la maji kubwa kama kiganja, na hakuweka mkono wala shuka juu yake. Muuguzi alinyoosha mkono achukue jagi akalipime. Mume wangu akampita. Akainama, polepole kwa sababu ya maumivu, akanikabidhi mimi pale chini nilipokuwa nimekaa.

"Shika," akasema. "Usimwage."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa bado lina joto.